Ewe Abu Umayr, kidege kimefanya nini?

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Juzi asubuhi nilivuka Likoni. Mbele yangu kwenye feri alisimama mama kijana, mwanawe kampakata kiunoni, leso imemzunguka. Mtoto hajafika miaka miwili. Kunguru akatua kwenye chuma cha ukingoni. "Gu!" akasema mtoto, kidole juu. Mamake akageuka. "Ee, kunguru huyo. Ana shingo ya kijivu, wamuona? Yuaenda wapi?" Mtoto akamtazama mdomo, akatulia, kisha akatoa hotuba ndefu isiyo na neno hata moja. Mama akangoja amalize, ndipo akamjibu. Wakaenda hivyo mpaka ng'ambo.

Nikamkumbuka Abu Umayr. Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa sahaba Anas bin Malik kwamba alikuwa na mdogo wake, mtoto ambaye ndio kwanza ameachishwa ziwa, na alikuwa na kidege akicheza nacho. Mtume (s.a.w.) kila akimwona humwuliza: "Ewe Abu Umayr, kidege kimefanya nini?" Mwenye kuteremshiwa wahyi, mwenye umma mzima mabegani, anauliza habari za kidege. Na anamwita kwa jina la heshima, Abu, yaani "baba wa", kama aitwavyo mtu mzima. Kisha anauliza swali, maana yake anangoja jibu.

Sisi majumbani mwetu husema, "Mwache, bado mdogo, hajui kitu." Neno hili linaniuma. Mtoto azaliwapo, ubongo wake kwa uzito ni kama robo ya ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka 5, umeshakaribia asilimia 90. Katika miaka hiyo nyuzi za ubongo huungana kwa kasi ambayo hairudi tena maishani, na zile zinazotumiwa kila siku ndizo zinazobaki, zisizotumiwa hukatika. Kinachoziunga ni chakula, usingizi, usalama, na hayo mazungumzo ya kwenye feri: mtoto atoe sauti, mkubwa aitikie. Simu haimwitikii. Na nyumba ya makelele na vipigo kila siku humfunza mwili wake kuogopa kabla hajajua neno "hofu".

Madaktari huzihesabu siku 1,000, tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili. Ndani ya Suratul Ahqaf, aya ya 15, Allah ametaja kuchukuliwa mimba kwake na kuachishwa kwake ziwa kuwa ni miezi thelathini. Nikizisoma hesabu hizi mbili pamoja hunyamaza kidogo. Na katika Suratul Baqara, aya ya 233, inapotajwa miaka miwili kamili ya kunyonyesha, baba hakuachwa nje: chakula na mavazi ya mama ni juu yake, kwa wema. Mama mwenye njaa na majonzi atazungumza na nani?

Kwa mwanangu wa kwanza mimi nilipitwa. Nilifunga duka baada ya Isha, nikimkuta amelala, nikajiambia: akianza chuo cha Qur'ani ndipo nitakaa naye. Alipoanza chuo alikuwa na hadithi tele kwa mamake na nyanyake. Mimi akinijibu "ndio" na "la". Namwomba Allah anisamehe, na tunaendelea kujuana, polepole.

Huyu wa mwisho ana miezi 14. Jana baada ya Alasiri nilimtoa barazani. Paka akapita ukutani, mkia juu. Nikamwuliza, "Paka huyo amekula nini leo, baba?" Aliniangalia muda mrefu. Nikanyamaza, nikangoja. Kisha akanijibu, kwa mikono na miguu, na sikumkatiza mpaka muadhini alipoanza Magharibi.