Kimeganda, hakijafa

Maneno ya Mama mdogo yamekataa kunitoka. Alipita sebuleni Jumamosi akaikuta cherehani ya Bibi imelala ubavu juu ya magazeti, skrubu nimezipanga kwenye kifuniko, akasimama.

"Kitu kimekufa, wewe unakitilia dawa?"

"Hakijafa, Mama mdogo. Kimeganda tu."

Akaniangalia. "Kuna tofauti gani?" Huyo, akaenda zake jikoni.

Tangu hapo namjibu moyoni. Namjibu nikiwa kwenye basi, namjibu nikipiga mswaki, na hata Jumatano bosi alipotutangazia kwamba idara yetu inavunjwa, mimi nilikuwa namjibu Mama mdogo.

Tofauti ipo, tena kubwa. Mashine iliyokufa imevunjika gia au imepasuka chuma. Singer ya Bibi ilitoka kiwanda cha Clydebank kule Uskoti, kilichofungwa 1980, ni kongwe kuliko mimi na haina ufa hata mmoja. Kilichoikamata ni mafuta ya zamani. Mashine ikikaa miaka bila kuzungushwa, mafuta hukauka yakawa utando wa kahawia, mgumu kama gundi, na mtu akiwahi kuitia mafuta ya kupikia ndiyo balaa zaidi. Dawa yake ni mafuta ya taa na subira. Unadondoshea tone kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, unaiacha ilale hivyo, asubuhi unalitikisa gurudumu mbele na nyuma, kidogo kidogo. Likikataa, unaongeza tone na kusubiri tena. Koleo sitaki hata kuliona karibu. Spiriti nayo siigusishi kwenye yale maua ya dhahabu ya mwilini mwa mashine, kwa sababu inayeyusha shelaki, ile vanishi iliyopakwa juu yake, na maua yakitoka hayarudi.

Alhamisi usiku gurudumu likaenda robo, likagota. Nikafungua kwa chini. Vumbi la nyuzi lilikuwa limeshindiliwa chini ya meno ya kusukumia kitambaa, ukilichokonoa linang'oka kipande kizima. Nyuma ya kijumba cha bobini kulikuwa na uzi umejiviringisha, umekaza. Nikauvuta kwa kibano, taratibu, ukaja mrefu. Wa kijani. Ule wa sare zetu za shule.

Sare zile alishona Mama mdogo. Bibi alikuwa keshaacha. Na mnajua vidole vya Mama mdogo vilivyokakamaa sasa, hata kifungo cha gauni anamwita Neema amfungie.

Basi lile "kuna tofauti gani?" nalisikia kwa sauti nyingine kabisa, na habari zangu za mafuta ya taa hazilijibu.

Gurudumu linazunguka lote sasa. Nimeitia mafuta halisi ya cherehani, nikaizungusha bila uzi hadi ikatapika uchafu mweusi, nikafuta, nikaitia tena. Mhimili wa sindano unapanda na kushuka bila kukwaruza, furaha yake siwezi kuieleza. Kesho namwita Mama mdogo alishike gurudumu yeye mwenyewe. Lile linazungushwa kwa kiganja, halidai vidole.

Majibu ya vipimo vya Baba yanatoka Jumatatu. Amekataa nimsindikize, na tangu jana simu yake haipatikani.