Viporo vya msumarini: siku moja ya fundi cherehani

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua mlango na cha kwanza kuniangalia ni lile shati la samawati. Liko msumarini siku ya tisa, limebaki kifungo kimoja. Kola imekaa kuliko kola zote nilizoshona karibuni. Kifungo kiliponidondoka nikajisemea, nitakitafuta baadaye.

Saa 2:00. Sketi mbili. Uzi haukukatika, hakuna la kusimulia.

Saa 3:40. Anaingia mama mwenye shati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shati la baba watoto tayari?"

"Tayari, limebaki kitu kidogo tu."

"Juma lililopita ulisema hivyohivyo, mwanangu. Hicho kidogo hakiishi?"

Nikamsogezea stuli, nikamwaga kopo la vifungo mezani. Kutafuta kinachofanana ndiko kulikonitoa jasho. Kushona kwenyewe: uzi mara mbili, pini juu ya kifungo ili kisibane nguo, sindano ipite matunduni mara tatu tatu, chomoa pini, zungusha uzi chini yake upate kishina, fundo, kata. Dakika nne! Mama akakifunga, akakifungua, akakifunga tena, ndipo akatabasamu.

Saa 5:00. Aibu ikanipeleka msumarini. Suruali haina kulabu, gauni halijapindwa, blauzi inaning'inia nyuzi. Viporo sita, na hakuna hata kimoja kinachofika robo saa ya kazi. Hapo nikajigundua: sikuwa nakimbia kushona, nilikuwa nakimbia kubadili uzi. Kila kiporo kina rangi yake, na kutoa bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), kuijaza na kutunga sindano upya kwa ajili ya mshono wa kiganja kunachosha kuliko mshono wenyewe. Basi nikavipanga kwa rangi. Vyeusi vitatu kwanza, kwa uzi mmoja.

Saa 8:00 mchana. Napiga pasi, nawaza. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1927, aliwapa watu kazi ndogondogo, nyingine akawakatiza katikati. Walipoulizwa baadaye, walizikumbuka zaidi zile walizokatizwa. Waliorudia jaribio hilo hawakupata jibu lilelile kila mara. Mimi nijuavyo, gauni la jana nililokabidhi nimeshalisahau rangi. Hilo shati nililiota.

Saa 10:00 jioni. Vitano vimekwisha. Cha sita, suruali, nimekiacha makusudi: mwenyewe hajaamua kama ipunguzwe kiunoni. Hicho si kiporo changu, ni chake. Nimebandika karatasi na kumpigia simu, maana zamani nilikuwa nakata kwa kukisia ili tu niondoe nguo machoni, halafu nafumua usiku.

Saa 12:00 jioni. Nafungua sehemu ya bobini, nasugua vumbi kwa brashi, natia tone la mafuta, nafagia chini ya cherehani. Ndani ya nyuzi zilizosokotana, palepale ninapoweka mguu wa kushoto kila siku, kifungo cha samawati.