Beki Asiyeonekana kwenye Video

Jumatatu, usiku

Ubaya wa video za mpira wa magongo ni kwamba kamera hufuata mpira, na beki mzuri kazi yake kubwa huifanya pale mpira usipokuwepo. Leo nimeirudia mechi yetu ya jana, pale uwanja wa Mombasa Sports Club, nikimtazama beki wetu wa kushoto tu.

Nianze na sifa zake, maana anazo. Robo ya pili winga wao anashuka na mpira kwa kasi, na binti yetu hamvamii. Anarudi kinyumenyume, magoti kayakunja, gongo liko chini lagusa nyasi, na mwili wake ameusogeza upande wa mstari wa pembeni. Njia ya nje imefungwa. Winga anakosa pa kupita, anakata ndani, anakumbana na kiungo wetu. Anayehesabu mipira iliyoporwa hatamwandikia kitu hapo, kwani hata kuugusa hakuugusa. Lakini shambulizi limekufa, na aliyeliua ni yeye.

Ugumu wake ni huu: gongo huchezewa upande mmoja, ule bapa. Ule wa mviringo hauruhusiwi kugusa mpira, na magongo ya mashoto hayapo. Winga wa kulia akipita nje, anapita kushoto kwa beki, mahali ambapo beki hana budi kuligeuza gongo na kunyoosha mkono mmoja. Kwa hiyo beki wa kushoto hukaba kwa miguu kwanza, gongo baadaye. Wengi huchukua miaka kulielewa hilo. Yeye tayari analo, na nimefurahi mno.

Kasoro yake ni kutogeuza shingo. Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, anaukodolea macho. Goli la pili tulilofungwa nimelisimamisha na kulirudisha: kabla krosi haijapigwa, straika wao keshafika nyuma yake, karibu na mlingoti wa mbali, na yeye hajatazama nyuma hata mara moja. Enzi za Avtar Singh Sohal, aliyeichezea Kenya katika Olimpiki 4, kuanzia 1960 hadi 1972, beki alikuwa na ofsaidi ya kumlinda. Sheria hiyo iliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi straika anasimama mgongoni mwako apendavyo, na hakuna filimbi itakayokuokoa.

Ule mpira uliomruka gongo robo ya tatu, watu wakamlaumu, mimi simhesabii. Nyasini mpira hudunda utakavyo. Kwenye kapeti la nyasi bandia la City Park, Nairobi, angeuzuia bila shida.

Kesho mazoezini nitamwonyesha kwanza ile ya winga, ajue kwamba ilionekana, ndipo tuje kwenye goli. Nataka pia kumuuliza kama kipa alimwita, maana kwenye simu upepo umefunika sauti zote. Kipa ndiye anayeuona uwanja mzima mbele yake. Kama alinyamaza, basi goli lile si la beki peke yake, na zoezi la kesho nitaliwekea krosi za kutoka kulia, kipa na mabeki wote pamoja, na atakayenyamaza ndiye nitakayemsimamisha.