Siku Moja Maishani Mwangu: Tufiche ama Tutoe?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko steji ya Umoja nikisubiri matatu ya Kayole. Kazi yangu ni kuandaa zahanati na maabara ndogo za Nairobi kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Vituo vingi ninavyofika havina mwanasheria wala fundi wa kompyuta. Vina muuguzi, karani, kompyuta moja na foleni.

Saa mbili kasoro nafika kituo cha kwanza. Mwenyewe ni muuguzi mstaafu, na kila mtu hapa humwita Sista. Kabla sijaketi ananiuliza: "Kijana wangu, juzi mlituambia tufunge data. Sasa mnatuambia tuipeleke kwenye mfumo wa serikali. Tufiche ama tutoe?"

Swali hilo ndilo kazi yangu yote. Namjibu, "Sista, mambo yote mawili. Mtoe kwa anayemtibu mgonjwa na kwa mgonjwa mwenyewe. Wengine wote, mfungie." Shida ninayoiona ni kwamba tumezoea kinyume. Mama mjamzito mwenye presha anapewa rufaa yenye mistari miwili, vipimo vyake vya miezi sita vinabaki kabatini, na huko aendako wanaanza upya huku saa zinakwenda. Lakini picha ya majibu ya maabara, jina likisomeka wazi, inazunguka kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi.

Tunakaa kwenye kompyuta ya mapokezi hadi saa tano. Neno la siri ni moja, linatumiwa na wote, nalo limebandikwa ukutani. Tunalibandua. Kila mtu anafunguliwa akaunti yake: karani aone miadi na malipo, mtu wa maabara aone vipimo alivyoombwa, daktari aone faili zima. Karani analalamika kwamba atachelewesha foleni. Malalamiko yake ni ya haki, kwa hiyo tunajaribu pamoja, mgonjwa baada ya mgonjwa, mpaka vidole vinazoea. Napenda sehemu hii kuliko zote. Sheria inashikwa na karani mwenye foleni mbele yake, na asipoweza kuitekeleza akiwa na haraka, haitatekelezwa.

Chai na chapati, kisha matatu ya Donholm.

Saa nane mchana, maabara ya pili. "Sisi ni wadogo, hii inatuhusu kweli?" Inawahusu. Biashara yenye wafanyakazi wasiofika kumi na mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka inaweza kusamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini anayetoa huduma ya afya hasamehewi kwa udogo. Tunaijaza fomu papo hapo. Halafu tunasoma mkataba wao na kampuni iliyowauzia programu. Hausemi lolote kuhusu siku data itakapovuja. Nawaeleza kwamba uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wagonjwa lazima Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72, na saa hizo hazisubiri kampuni irudishe simu. Tunaandika kipengele kipya waipelekee.

Saa kumi anaingia kijana anayetaka nakala ya majibu yake ya mwaka jana. Mhudumu ananitazama. Kanuni za Ulinzi wa Data za 2021 zinampa mgonjwa haki ya kupata taarifa zake ndani ya siku saba, bila malipo. Anakagua kitambulisho, anachapisha na kuandika kwenye daftari nani kachukua nini. Dakika chache tu.

Saa mbili usiku Sista ananipigia: askari akija kuulizia faili? Namwambia asitoe kwa maneno matupu. Aombe barua rasmi inayotaja sheria au amri ya mahakama, asome inaomba nini hasa, atoe hicho tu, na abaki na nakala ya barua. Anataka niyaandike kwa Kiswahili rahisi, ukurasa mmoja, abandike pale palipokuwa na neno la siri. Nimeshauanza.