Siku moja maishani mwangu: panya 60, sufuria la mitishamba na simu ya mjomba

Nyumbani wakisikia niko Nanjing napima dawa za asili za Kichina kama zinatibu sonona, wengine wanadhani nasomea uganga, wengine wananiagiza dawa. Ngoja niwape siku yangu ya jana ilivyokuwa.

Saa 12 asubuhi nshawasha jiko la maabara. Xiaoyao San, dawa yenyewe ninayoipima, ni mchanganyiko wa mimea nane, umeandikwa vitabuni tangu enzi za wafalme wa Song huko China, kuna chaihu, danggui, tangawizi na mengine, na mnanaa unautia mwishoni kabisa maana ukichemka sana harufu yote inaondoka na mvuke. Nachuja, narudia, nguo zinanuka danggui mpaka jioni.

Saa 2 nakwenda kupima chupa, na hapa ndo siku iliponiharibikia. Kila panya ana chupa mbili, moja maji matupu, moja maji yenye sukari asilimia 1. Panya mzima anakimbilia tamu. Ila aliyekaa wiki kadhaa kwenye misukosuko, randa za kulalia zimeloa, kizimba kimeinamishwa, taa inawaka usiku kucha, huyo tamu na maji kwake sawa tu. Tunaangalia kama dawa itamrudishia ile hamu. Kipimo hiki kinanigusa, maana hata binadamu mwenye sonona atakwambia chakula alichokuwa anakipenda hakina ladha tena.

Sasa naweka chupa ya sukari ya kizimba cha kumi na saba kwenye mzani, inasema kanywa gramu 21. Panya mwenyewe ana gramu 25! Naingiza kidole kwenye randa, zinanata. Mpira wa chupa umelegea, imevuja usiku kucha. Nikakagua zote moja moja, nimekuta vizimba vinne hivyo hivyo, nikakaa chini sakafuni, wiki tano za kuwalisha na kuwapima. Ningeandika gramu 5 hakuna ambaye angejua, nasema kweli wazo lilinijia. Nikaandika "imevuja" mara nne kwa kalamu ya wino, nikampelekea mwalimu wangu daftari, akasoma, akasema vinne vyote vinatoka kwenye hesabu.

Baada ya hapo kuwanywesha dawa wote kwa sindano butu, mmoja mmoja, mpaka kidole gumba kinakufa ganzi.

Saa 9 alasiri, huko Bongo saa 4 asubuhi, mjomba akapiga. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: binti yake tangu ajifungue hataki kula, hasemi, mtoto akilia anamwangalia tu, nimtumie hiyo dawa ninayoipika. Nikamwambia mjomba bado tunaipima, tena kwa panya, na yeye ananyonyesha, mpeleke Muhimbili wana kitengo cha magonjwa ya akili. Akaja juu. "Watu waseme mwanangu chizi? Mbona mseto wa malaria umetoka kwenye majani ya hao hao Wachina na mnatumezesha?" Nikamwambia ni kweli mjomba, mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou alipata Nobel mwaka 2015 kwa hilo, lakini kwanza yeye na wenzake walihangaika na mimea mingi ikafeli, mwaka 1971 ndo mmoja ukafanya kazi vizuri kwa panya, wakanywa wenyewe kwanza kuona kama una sumu, ndo wagonjwa wakafuata. Hata chaihu ninayoichemsha, ikizidi inaweza kuumiza ini. Siwezi kumpa dada yangu kitu ambacho sijui kitamfanya nini. Kimya. Akakata.

Sikumbuki saa ngapi nilianza kuangalia video. Panya ananing'inizwa kwa mkia dakika 6, unahesabu sekunde alizotulia kwenye dakika 4 za mwisho, na mwenzangu kaziwekea namba ili nisijue nani kapewa mitishamba, nani fluoksetini, dawa ya hospitali ya sonona, nani maji. Macho yanauma, ukipoteza sekunde unarudisha video mwanzo. Video ishirini na kitu. Katikati nikamwandikia mjomba jina la kitengo na siku nzuri ya kwenda, na kwamba nauli nitatuma mimi.

Kabla sijafunga maabara nikabadilisha mipira ya chupa zote, kila moja nikaigeuza juu ya tishu kavu na kusubiri dakika 5 kuona kama kuna tone. Saa 4 usiku ujumbe wa mjomba una tiki mbili za bluu, hajajibu.