Shomoro wa Tano

"Je! Mashomoro watano hawauzwi kwa senti mbili? Wala hasahauliwi hata mmojawapo mbele za Mungu." (Luka 12:6)

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii nawaomba tuusome mstari huu tukiwa juu ya Salaita, kile kilima kilicho kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta. Wengi wetu tumekipita mara nyingi ndani ya gari bila hata kugeuza shingo. Si kirefu. Lakini ukikipanda asubuhi, kabla jua halijawa kali, unaiona Kilimanjaro upande wa magharibi, na chini yako nyika ya Tsavo imetanda hadi macho yachoke.

Vijana wa kanisa tuliopanda nao walikuwa wakitafuta wanyama, na wanyama hawakukosekana. Digidigi walitoka vichakani wawili wawili, kama ilivyo desturi yao. Kanga walikimbia mbele yetu. Kinyesi cha tembo kilikuwa kimekauka njiani, maana ile ni njia yao kabla haijawa yetu, na kwenye mbuyu mmoja kwera walikuwa wamejaza viota tawi hadi tawi. Tulipofika penye mawe, binti mmoja alifungua Zaburi ya 104, pale inaposema magenge ni kimbilio la wibari, na wibari wenyewe, yaani pimbi, walikuwa juu ya jabali wakiota jua, wanatutazama. Tulimsifu Mungu kwa sauti.

Hatua chache mbele tukakuta handaki.

Limefukiwa nusu na udongo mwekundu, lakini bado ni handaki. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Uingereza lilikishambulia kilima hiki. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914, na Salaita ilikuwa kituo chao cha mbele. Mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, kumbe wengi wa maadui walikuwa wamejichimbia chini, miguuni pa kilima. Askari wa Afrika Kusini waliotangulizwa, ambao walikuwa wamefika nchini karibuni tu, walirudishwa nyuma na wengi wao wakaanguka. Mwezi uliofuata Wajerumani waliondoka wenyewe walipoona wanazungukwa.

Kijana mmoja aliokota ganda la risasi, limeliwa na kutu ya kijani. Tulilitazama, tukalirudisha lilipokuwa. (Wazazi, waambieni watoto: ukikuta chuma usichokijua maeneo haya, usikiguse. Baruti ya zamani bado inaweza kuua.)

Yule kijana aliuliza swali lililonifanya niandike tafakari hii: "Hawa wote walikula nini hapa? Walikunywa nini?" Maana Salaita haina maji. Reli kutoka Voi ilijengwa mwaka 1915 kulifuata jeshi, lakini reli ina mwisho wake. Mbele ya reli mzigo ulihitaji mgongo. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o na maradhi mengine, na mnyama alipokufa akatafutwa mtu. Hao ndio wapagazi. Walitolewa vijijini Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) na Kongo, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa ratili hamsini na zaidi, wakatembea hadi Rufiji na kuvuka Ruvuma. Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa, na unga wasiouzoea ambao haukuiva. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inapita 90,000. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na kumbukumbu zao ni haba zaidi.

Maofisa wana makaburi yenye majina pale Taveta. Wapagazi wengi hawana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi hiyo inafika 350,000. Katika kumbukumbu zilizofunuliwa wakati huo yumo gavana wa Tanganyika wa baada ya vita, aliyetaka makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, wala hakupenda kuitafakari hesabu ya Waafrika waliokufa.

Nimelirudia neno hilo la pori mara nyingi. Tulikuwa tumelisifu pori asubuhi ile, na tulisifu kwa haki, maana ni kazi ya mikono ya Bwana. Lakini mwanadamu alitaka kulitumia pori la Mungu kama kifuniko. Sikubaliani na wanaosema, "Yaliyopita yamepita, tazama maua yalivyoota." Kaini naye alikuwa na shamba la kumfunikia Habili, na Bwana akamwambia: "Sauti ya damu ya ndugu yako inanililia kutoka katika ardhi."

Sasa soma tena Luka. Katika Mathayo 10:29 mashomoro wawili ni senti moja. Kwa Luka senti mbili zinakupa watano. Yaani yule wa tano ni nyongeza, muuzaji amekuongezea tu. Hana bei. Ndiye huyo Yesu anayesema hasahauliwi. Mpagazi wa mwaka 1916 alikuwa shomoro wa tano wa jeshi: hakuandikwa wala hakuzikwa kwa jina, na hesabu yake ilimkera gavana. Mungu hakukereka kuhesabu. Kwa nini alimwacha afe njiani na mzigo wa mwingine kichwani, sijui, na sitamwekea Mungu maneno mdomoni. Ninaloamini ni kwamba anamjua jina lake la nyumbani, lile aliloitwa na mama yake.

Jumapili ya pili ya Novemba huwa tunawaombea waliokufa vitani. Mwaka huu naomba tusome majina. Waulizeni wazee wenu: nani katika ukoo alichukuliwa "Kariakoo" (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi) asirudi? Andikeni jina, kijiji na jina la baba yake, mumkabidhi mzee wa kanisa kabla ya mwisho wa Oktoba. Kama jina limepotea, andikeni "kaka wa bibi yake fulani". Hao nao tutawasoma.