Kabla ya kufunga mpira

"Mama, mbona mkono huu una kamba na huu hauna?"

Binti yangu alikuwa amegusanisha kidole gumba na cha mwisho, kiganja amekikunja kwa ndani. Kulia, kano imetuna katikati ya kifundo. Kushoto, hamna. Nikamwambia ni maumbile tu. Wapo wengi wasio na msuli ule, na nguvu ya kushika haipungui. Wapasuaji huichomoa kano hiyo hiyo wakaunge iliyokatika kwingine. Akalala. Mimi sikulala, nilikumbuka mkono mwingine.

Kigoma, mwaka wangu wa mwisho wa mafunzo, wodi ya wanaume. Mzee wa Ujiji, malaria kali, kilo 50. Dawa yake atisuneti, miligramu 120, yaani vichupa viwili: kila kimoja mililita 1 ya bikaboneti ya kuyeyushia, kisha 5 za maji ya chumvi. Jumla 12 kwenye sirinji. Nilipofunga mpira wa kubana mkono, mshipa ukajitokeza kiwikoni upande wa ndani, mnene, uko juujuu. Kanula ya pinki, kijimrija cha kupitishia dawa, ikaingia mara moja. Nikajiona fundi.

Damu ikapanda, nyekundu mno. Nikafungua mpira, nikapachika sirinji, ndipo nikaiona damu: inasukumwa, inatulia, inasukumwa, sawasawa na mapigo. Niliiona, na kidole gumba changu bado kilikuwa kwenye sirinji.

"Toa mkono," Sista akasema nyuma yangu. Akaweka vidole viwili juu ya kanula. "Huu unadunda. Uliupapasa kabla ya kufunga?"

Sikuupapasa. Mpira ukikazwa sana mapigo hupotea, ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ikaonekana vena, ule unaoirudisha. Ateri ya upande wa kidole cha mwisho kwa kawaida huzama chini ya misuli ikishavuka kiwiko. Kwa watu wachache huchipukia juu zaidi, ikateremka kigashani juu ya misuli, ngozi tu ndiyo imeifunika. Dawa ikiingia humo haipiti moyoni kwanza, inashuka moja kwa moja vidoleni, na zipo dawa zinazoozesha vidole.

Tukachomoa. Nikakandamiza dakika 10 kwa saa ya ukutani. Mkono wa pili tuliupapasa kwanza, maana hali hii huweza kuwa pande zote.

Mzee alipopona aliniletea chupa ya mawese. "Una mkono mwepesi, mwanangu," akasema. Nikaitikia ahsante.

Chupa nilimpelekea Sista. Akamimina nusu, nusu akanirudishia, wala hakusema neno.